Mwenye Fahali Hufuata Nyuma

Siku ya kuniaga wizarani, vijana wa dawati letu waliniomba niwape mawaidha mafupi kabla ya chakula. Chakula kikaja mapema. Niliitazama pilau, nikawatazama wao, nikaketi. Haya mtakayosoma ndiyo mawaidha yale, ila sasa yamekuwa marefu kwa sababu hakuna sufuria inayonisubiri.

Naandikia barazani kwangu Amalemba, hapa Kakamega, mtaa unaoamini kwamba mtu aliyefanya kazi wizara ya mambo ya nje ana ufunguo wa nje. Haipiti wiki bila mtu kuja kuniomba nimpelekee kijana wake Kanada. Jirani yangu, fundi wa kushona, hakuzunguka mbuyu. "Wewe si ulikuwanga unakaa na wakubwa? Sema tu neno moja." Nilimweleza kwamba miaka mingi nilikaa na watu waliokuwa wakipigana, na kwamba neno moja halikuwahi kutosha. Akaniambia basi niseme mawili.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vingine vilipita mlangoni kwangu bila kubisha hodi, na mshahara mliuona wenyewe kwenye viatu vyangu. Nitasema habari za kazi.

Nilizaliwa Shinyalu, na baba yangu alikuwa mtu wa mafahali. Kwetu mafahali hupiganishwa asubuhi, uwanjani, kwa ngoma ya isukuti na kelele za wanaume waliosahau jembe. Fahali wetu aliitwa Waziri, kwa sababu alikula sana na hakulima. Mimi nilikuwa mkataji wake wa majani. Mama hakwenda uwanjani hata siku moja. Siku za mchezo alisimama katikati ya mahindi yake na fimbo mkononi, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwamba hapendi kelele.

Nilisoma uhusiano wa kimataifa chuo kikuu, nikatoka nikiwa na hakika kwamba vita huletwa na watu kutosikilizana, na kwamba mimi nasikiliza vizuri. Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya dada yangu, nikafika mapema, tayari kuleta amani. Nilipokelewa na mkuu wa itifaki, Mzee Shee, mtu wa Lamu, mwembamba, shati limenyooka kama limechapishwa. Alinikabidhi pasi. Mezani palikuwa na rundo la bendera ndogo za nchi nyingi, zote zimekunjamana.

"Anza na zile zinazochukiana," alisema. "Nisingependa zirudi kisandukuni pamoja."

Nilipiga pasi bendera kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mzee Shee alisema Kiswahili changu kina homa ya bara, maana nikiharakisha nilimwita balozi "barozi". Nilimjibu kwamba kwetu herufi hizo mbili ni ndugu. Akasema hata ndugu hupewa vitanda tofauti. Lakini ndiye aliyenifunza kazi, na mengi ya aliyonifunza hayakuwa katika vitabu vyangu. Kwamba chai ya mkutano iwe ya moto mno kunyweka upesi, ili mtu mwenye hasira apate la kusubiri. Kwamba viti viwe sawa kimo, kwa sababu nchi kubwa hukasirikia vitu vidogo. Na zaidi ya yote, kwamba kabla ya kupanga meza, upange mlango.

Somo la mlango nililipata kwa macho yangu. Wajumbe wa nchi mbili walikuwa wakibishania malisho ya mpakani, na mmoja wao, mtu mzito wa mwili na wa cheo, akaamua kutoka kwa hasira. Alisimama, akakusanya karatasi zake, akasema maneno ya kihistoria, akafungua mlango na kuufunga kwa kishindo. Ulikuwa mlango wa stoo. Tulimsikia akigonga ndoo. Hakuweza kurudi, maana angechekwa, na hakuweza kuendelea mbele, maana mbele palikuwa na ukuta. Akabaki humo na mafagio, na nchi mbili zikabaki zimekodoleana macho. Mzee Shee hakucheka hata kidogo. Alichukua kikombe cha chai, akaingia stoo, akafunga mlango nyuma yake, na baada ya kitambo wakatoka wote wawili wakizungumza juu ya bei ya samaki.

Baadaye aliniambia kwamba mtu aliyeudhika akikosa mlango atautoboa ukuta, na mara nyingi ukuta huo una watu upande wa pili. Niliyaweka maneno hayo. Mzee Shee alistaafu, akarudi kwao, akafa kwa amani, ambayo ndiyo amani pekee ninayoweza kuithibitisha kikamilifu.

Sasa nije kwenye Kerua, kwa sababu najua ndiyo mnayoitaka. Kerua ni mji mdogo katika nchi moja jirani ambayo siitaji, maana bado tuna ubalozi huko. Kundi la wapiganaji lilikuwa limeuteka mji na kuwazuia watu humo ndani. Serikali za kanda zilituma kikosi cha kulinda amani, na serikali yetu ikamtuma mjumbe wa kupatanisha. Mimi nilipelekwa kuwa afisa wa mjumbe huyo. Nilikuwa sipigi pasi tena, ingawa pasi nilikwenda nayo.

Mjumbe nitamwita Balozi, na mkuu wa kikosi nitamwita Brigedia. Majina yao nayaacha, wote wawili wana wajukuu. Balozi alikuwa mwalimu zamani, mtu mpole, aliyeamini kwamba hakuna mwanadamu asiye na kona laini, ni kuitafuta tu. Methali yake ilikuwa: maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Brigedia alikuwa ameona kona nyingi za wanadamu na chache zilikuwa laini. Methali yake yeye ilikuwa: amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Kila asubuhi tulifungua kikao kwa methali hizi mbili, kama wengine wafunguavyo kwa sala. Zote ni za Kiswahili, zote ni za wahenga, na wahenga hawakuacha maagizo ya nani aanze.

Brigedia hakuwa mkatili, wala Balozi hakuwa mjinga. Nasema hivi kwa sababu mkikaa Nairobi mnapenda kuchagua upande. Brigedia alikuwa amezika askari wake mara nyingi kwa sababu ya mikataba iliyosainiwa na watu wapole. Balozi naye alikuwa ametembelea miji iliyokombolewa, akakuta hakuna wa kumpongeza.

Ndani ya Kerua palikuwa na zahanati, na katika zahanati palikuwa na muuguzi mkuu, Mama Furaha. Alikuwa na simu ya setilaiti aliyoificha kwenye gunia la maharagwe, na kila asubuhi alinipigia. Sikuwahi kumwona uso, lakini niliijua sauti yake kuliko ya dada yangu. Wodi yake ilikuwa imejaa, na wanawake wa kujifungua walikuwa wakilala chini. Swali lake lilikuwa lile lile.

"Nyinyi mnakuja na midomo ama mnakuja na bunduki? Mkija na midomo nitapika chai. Mkija na bunduki nitatandika vitanda. Nataka tu kujua."

Nilikuwa nikimjibu kwamba jambo hilo linajadiliwa. Naona aibu hata sasa kulikumbuka jibu hilo, ingawa lilikuwa kweli tupu.

Tulianza na midomo. Balozi alikataa kusindikizwa na askari, tukaingia Kerua kwa magari mawili meupe na bendera niliyoinyoosha mwenyewe. Kamanda wa wapiganaji alitupokea vizuri. Alikuwa kijana aliyewahi kusomea upadri, na alimsikiliza Balozi kwa utulivu ambao ungemfurahisha askofu. Alikubali wagonjwa waachwe, soko lifunguliwe, dawa zisiguswe. Akasaini. Tulipokuwa tukirudi, Balozi alikuwa na machozi machoni. Sikumcheka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nayo. Muda huo niliamini kwamba suti ya dada yangu haikuwa imevaliwa bure.

Mkataba haukumaliza wiki. "Karatasi yenu imefika," Mama Furaha aliniambia kwenye simu. "Dawa zimeondoka."

Basi ikawa zamu ya upanga. Brigedia aliuzingira mji. Alifunga barabara ya mashariki, ya kusini na ya magharibi, kisha akafunga na ya kaskazini, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaletea wapiganaji chakula. Magari ya kivita yakapangwa mlimani yakionekana wazi. Ilikuwa kazi safi, na Brigedia akatuambia kwamba sasa kamanda atafikiri. Kamanda alifikiri kweli. Alipoona hana pa kutokea, aliwahamishia watu wake zahanati, akaweka bunduki kubwa kwenye dirisha la wodi ya wazazi.

Asubuhi hiyo Mama Furaha alinong'ona. Alisema vijana wamelala katikati ya wagonjwa, na kwamba tukipiga tutawapiga wagonjwa kwanza. "Kuna msichana hapa uchungu umeanza," alisema. "Sasa mwenzangu, hivyo vitanda nitandike wapi?"

Mchana tulikula kwenye hema la maafisa. Ugali ulikuwa mgumu kiasi cha kufaa kwa ulinzi. Balozi na Brigedia walikuwa hawasemezani tena. Waliketi meza moja na kunituma mimi kati yao: mwambie Brigedia kwamba ile wodi ina watoto, mwambie Balozi kwamba najua, mwambie Brigedia anipitishie chumvi. Brigedia alikuwa ameanza kuchora namna ya kuingia zahanati alfajiri. Aliuchora mchoro huo kwa uso wa mtu anayechimba kaburi, nami nikaona kwamba hata yeye hautaki.

Ndipo nilipowaambia habari za Waziri, fahali wa baba. Sikuwa nimekusudia hekima yoyote, nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu husema ya kwao. Niliwaambia kwamba kwetu mafahali wakipigana, wazee huhakikisha upande mmoja wa uwanja hauna watu. Wageni hudhani ni uzembe. Ni njia ya atakayeshindwa. Fahali aliyechoka hugeuka na kukimbia, na akikuta ukuta wa watu hukanyaga. Wanaokufa kwenye mchezo wetu ni hao wanaosimama mbele ya aliyekwisha kushindwa. Baba alikuwa akituambia: "Fahali hazuiwangi mbele. Mpatie njia, yeye mwenyewe atajiondoa."

Balozi aliweka kijiko chini. Brigedia aliacha kuchora. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi walitazamana wenyewe kwa wenyewe.

"Na akishakimbia," Brigedia aliniuliza, "anakwenda wapi?"

"Kwenye mahindi ya watu, afande."

"Ya nani?"

"Ya yeyote aliye karibu."

"Na nani hulipa?"

"Mwenye fahali. Ni desturi. Humfuata nyuma mpaka anapoishia, na alichoharibu ni juu yake."

Brigedia akatikisa kichwa taratibu. "Na hawa wa kwetu, Bi Muhonja, mwenyewe ni nani?"

Nimehudhuria vikao vingi vya kimataifa na sijasikia swali bora kuliko hilo, nalo liliulizwa juu ya sahani ya maharagwe. Nikawaza wakati ule kwamba methali ya Balozi ina kasoro moja. Inasema namna ya kumtoa nyoka pangoni, haisemi akishatoka ataelekea nyumba ya nani.

Njia ya kuwafungulia ilikuwa barabara ya kaskazini, nayo ilipita kijiji kiitwacho Sanja, ng'ambo ya mto. Wote watatu tulikijua kwa ramani. Balozi aliomba askari wawafuate wapiganaji mpaka wapite Sanja. Brigedia alisema amri yake inaishia mtoni, na akivuka atakuwa amevamia wilaya nyingine bila idhini. Balozi akapiga simu makao makuu kuomba idhini, nao wakamwambia jambo hilo linajadiliwa. Nililijua jibu hilo, lilikuwa langu. Tulituma ujumbe kwa akina mama wa sokoni wawaonye watu wa Sanja wakae mbali na barabara. Hatukuwa na simu ya mtu yeyote huko.

Uamuzi ulifanyika kwa sababu uchungu wa yule msichana haukuweza kusubiri idhini. Brigedia aliondoa magari yake barabara ya kaskazini. Balozi akampigia kamanda, akamwambia njia iko wazi mpaka saa sita mchana wa kesho na hakuna atakayewapiga. Kamanda aliuliza ni nani anayemhakikishia. Balozi akasema ni yeye. Kamanda akauliza, na Brigedia je? Balozi akampa Brigedia simu.

"Magari yangu yako pande tatu," Brigedia alisema. "Toka nje uyahesabu, kisha uniambie kama Balozi anakudanganya."

Hiyo ndiyo siku pekee niliyoona maneno na bunduki vikifanya kazi zamu moja. Asubuhi wapiganaji walitoka Kerua wakipanga mstari, bila risasi hata moja. Kabla ya mchana Mama Furaha alipiga. Nilisikia kilio cha kitoto kabla ya kumsikia yeye. "Ni msichana," alisema. "Na jina halitakuwa la mmoja wenu." Nililia pale pale, na Brigedia akaenda nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida.

Sherehe ilianza mara moja. Wakubwa wakapiga simu, waandishi wakaja, Balozi na Brigedia wakapigwa picha wakishikana mikono mbele ya zahanati. Mimi nilikuwa naitazama barabara ya kaskazini. Niliuliza ni nani atakayefuata. Niliuliza tena siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mtu alikubali kwamba lilikuwa swali zuri.

Mwishowe nilichukua gari moja jeupe na dereva mmoja. Mama Furaha, ambaye sasa nilikuwa nimemwona uso, na alikuwa mfupi kuliko sauti yake, akaingia nyuma na kisanduku chake cha dawa bila kuniuliza. Tulivuka mto.

Sanja tuliinusa kabla ya kuiona. Ujumbe wetu ulikuwa umefika nusu. Wengi walikimbilia milimani, wachache hawakusikia au hawakuamini. Wapiganaji walilala hapo, wakala mahindi mabichi yote, wakachoma mabua na baadhi ya nyumba, wakaondoka na mifugo. Mzee mmoja alikataa kuachia ng'ombe wake. Alizikwa nyuma ya nyumba yake, na udongo ulikuwa bado mbichi.

Mjane wake alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Jina lake Bibi Zawadi. Tulimpa pole, akaitika, akatazama gari, akatazama bendera.

"Nani aliwapa barabara yetu?" aliuliza.

Mama Furaha alifungua kinywa. Nikamtangulia. "Ni sisi."

"Mlijua inapita hapa?"

"Tulijua."

"Mliniuliza?"

"Hapana, Bibi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Hakupandisha sauti. "Wa Kerua wana simu," alisema, kisha akarudi kutazama shamba.

Mama Furaha alilia njia nzima kurudi. Alisema, mimi nilipiga simu kila siku, nikawafukuzia kwa wengine. Nilimwambia hakuwa na kosa, alikuwa akiokoa wagonjwa wake. Alinijibu kwamba hata Bibi Zawadi alikuwa na mmoja wa kuokoa.

Taarifa ya wizara ilisema Kerua ni mafanikio. Ilikuwa kweli, watu wengi wako hai kwa sababu ya barabara ile, na mtoto yule leo anasoma shule. Habari ya Waziri nayo ikasafiri kuliko mimi. Balozi aliisimulia katika mihadhara ughaibuni, na kwake ilikuwa ushahidi kwamba busara hushinda nguvu. Brigedia aliisimulia kwa maafisa wanafunzi, na kwake ilikuwa ushahidi kwamba fahali hageuki kama hakuna pembe mbele yake. Niliwahi kuwasikia wote wawili. Wote wawili walisimulia vizuri, na wote wawili walikomea pale fahali anapogeuka.

Mnaponiuliza, na huwa mnaniuliza mkidhani mmenitega, ni nani kati yao alikuwa sahihi, nawajibu kwamba kila mmoja alikuwa sahihi mpaka mtoni. Maneno ya Balozi bila magari yale yalikuwa karatasi. Magari ya Brigedia bila maneno yale yangekuwa yanazoa maiti wodini. Nami bado naamini kile nilichoamini nikiwa na suti ya kuazima, kwamba watu wanaweza kusikilizana. Nimeongeza tu kwamba lazima uhesabu ni nani hajapewa simu.

Nilipopata likizo nilikwenda kwa mama, Shinyalu. Baba alikuwa ameshafariki, na Waziri aliliwa siku ya matanga, akawa na manufaa hatimaye. Mama alinichinjia kuku, ingokho yetu, akasonga ugali wa obusuma, akaketi kunitazama nikila. Nilimsimulia Kerua yote, mpaka Sanja. Nilidhani atasema juu ya baba na fahali wake. Yeye aliniuliza juu ya shamba. Lilikuwa kubwa kiasi gani, na mahindi yalikuwa yamefika wapi. Nikakumbuka alivyokuwa akisimama na fimbo yake siku za mchezo, nikaelewa, katika utu uzima wangu na shahada zangu, kwamba wakati wanaume wote wa Shinyalu wakitazama pembe, yeye alikuwa akiutazama ule upande usio na watu. Shamba letu ndilo lililokuwa upande huo.

"Na huyo mama mwenye mahindi," aliuliza, "ulimpelekea nini?"

"Nilimpa pole, mama."

"Pole haipandwangi," mama alisema, akaondoa sahani.

Nililala nikiyageuza maneno hayo. Serikali ina mafungu ya fedha kwa mikutano, kwa risasi, kwa maua ya mezani. Niliuliza wizarani kama lipo la mahindi ya mtu mmoja. Walinisikiliza kwa heshima. Mwishowe nilinunua mbegu mwenyewe kwenye duka la pembejeo hapa Kakamega, zile za nyanda za juu, kwa sababu Sanja ina baridi kama ya kwetu. Nilizitia kwenye begi, juu ya nguo, nikaomba likizo nyingine. Mpakani ofisa aliniuliza madhumuni ya safari. Nilimwambia nakwenda kulipa mahindi. Alinitazama, akatazama pasipoti yangu ya kidiplomasia, akagonga muhuri. Nafikiri alikuwa na mama pia.

Mama Furaha alinisubiri Kerua na majembe mawili. Tulipofika Sanja, Bibi Zawadi alikuwa shambani peke yake, akilima udongo mkavu. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Niliweka mbegu chini mbele yake, nikamweleza kwamba mzee siwezi kumlipa, hakuna desturi ya kulipa mzee, kwetu wala popote nilipotumwa. Kwamba haya ni mahindi tu.

Alichukua pakiti, akaitikisa sikioni, akaipasua kwa meno. Akamimina mbegu kiganjani, akazigeuza kwa kidole gumba. Kisha akaangalia juu, kulikokuwa na wingu moja lisilo na haraka.

"Umechelewa," alisema. "Lakini na mvua pia imechelewa."

Akanionyesha kwa kidole mahali pa kuanzia mstari.